Kikohozi Chako, Afande

Afande Baluku,

Tulikuzika kule Mahango, na mimi nikarudi huku Kitswamba kwa mondo wetu wawili. Wamekua, Afande! Miguu mirefu, masikio makubwa, wanamdaka panya kabla hajajua kama ameonekana. Huwezi kuamini ndio wale paka-mwitu wachanga uliowatoa kwenye nyasi zilizochomwa, mama yao amekufa kando.

Ulinitoa kwenye kuuza samaki Kasenyi ukanifundisha kazi hii ya kulea yatima wa porini mpaka warudi mbugani, kwa amri moja: "Hapa hakuna kuongea! Nyama akizoea mutu, mutu itamuua." Tukawalisha kimya, nyuso tumefunika magunia, chakula tukikipitisha kwenye tundu la uzio. Hata chafya uliipiga marufuku. Lakini kifua chako, mzee wangu, hakikujua amri ya mtu.

Baada ya mazishi, fundi alikuja kutengeneza uzio, akakohoa. Wote wawili wakaja mbio mpaka tunduni, wakakaa wakingoja kula. Tumeficha sura na sauti miezi yote, kumbe wao wamejifunza kikohozi chako! Na Kitswamba hii, nani hakohoi? Tukiwaachia hivyo, watamkimbilia mkulima wa kwanza mwenye mafua, naye atawamaliza kwa jembe.

Basi nikajifunza kukohoa kama wewe. Kwanza kile kikavu, halafu kile kirefu cha kutoka tumboni. Kila jioni nilikohoa, kisha nikagonga sufuria kwa nguvu mpaka wakatawanyika. Niliwafundisha kukuogopa, Afande, wewe uliyewanyonyesha kwa chupa. Imeniuma, siwezi kukuficha.

Mkeo aliniletea muhogo, akasikia akiwa barabarani. "Biira, nani iko huko ndani?" Nikatoka peke yangu. Alitazama nyuma yangu kwa muda mrefu, akaweka kikapu chini, akaenda bila kuaga. Tangu siku hiyo hapiti huku.

Na kuna jioni ambazo mimi sijakohoa, sufuria sijaigusa, nao wamekimbia kujificha. Hilo sijamwambia mtu. Watasema nimerukwa na akili.

Jana asubuhi nikafungua mlango wa upande wa mbugani. Dume alitoka bila kugeuka. Jike akasimama kwenye nyasi, akaniangalia, akaanza kurudi. Nikavuta pumzi nikohoe.

Kikohozi kikatoka nyuma yangu. Kile kirefu.

Jike aliruka, akapotea. Niligeuka, Afande. Uzio, jua, na hakuna mtu. Nilishukuru, nikalia, vyote kwa pamoja.

Sasa lala, baba. Wako huru, na hawatakuja tena kwa kikohozi chako. Nimehakikisha hivyo, Mungu anisamehe. Lakini ukiona upweke huko uliko, kohoa tu. Mimi nitakuja.

Biira wako