Jora Nililomwazima Bi Somoe

Nandagala, Ruangwa

Baba yangu mheshimiwa,

Shikamoo, na salamu kwenu nyote mtakaoketi kusikiliza barua hii ikisomwa. Mguu wako unaendeleaje? Na mama, kifua kimetulia? Mimi ni mzima, ila lililonipata mwezi huu nataka mlisikie kutoka kwangu mwenyewe.

Mnajua nasimamia kazi kwenye barabara ya kwenda Nachingwea. Mahali fulani barabara inapita juu ya tuta refu, na chini yake zipo nyumba. Ndani ya tuta hilo tunalaza kitambaa kigumu cha plastiki, tabaka baada ya tabaka la udongo, ili lisiporomoke mvua zikianza. Hata kikiwa kipya hatutegemei nguvu zake zote. Katika hesabu tunazipunguza kwa sababu ya kokoto zitakazokichubua na miaka mingi ya kubeba mzigo. Jua, ambalo hudhoofisha plastiki, hatukulipigia hesabu, kwa kuwa kitambaa hutakiwa kufunikwa tangu kinapowasili.

Msimu wa kuvuna ufuta, jirani wa kambi yetu, Bi Somoe, alinijia akicheka: "We Msukuma, ng'ombe huna, hata turubai la kuanikia unaninyima?" Nikaona aibu, nikampa jora moja la kitambaa hicho. Lilikaa juani wiki nyingi. Alilirudisha limefuliwa na kukunjwa vizuri kuliko lilivyotoka kiwandani, na vibarua wakalibeba kwenda kulilaza.

Niliwazuia. Bi Somoe akaona nimemvunjia heshima.

"Nimelitoboa wapi, mwanangu? Livute!"

Nililivuta kwa nguvu zangu zote, halikuchanika.

"Si unaona?"

"Mama, mkono wangu si uzito wa tuta. Ile nyumba ya kwanza pale chini ni ya nani?"

"Ya binti yangu," akasema, na hakuniambia tena nivute.

Baba, lingekwisha kufukiwa, hakuna ambaye angejua. Nilikata kipande, kikapelekwa maabara Dar es Salaam kuvutwa kwa mashine. Kilikatika mapema, chini ya kile kiwango ambacho tayari tulikuwa tumekipunguza. Mkuu wangu akauliza nani alilitoa ghalani. Nikasema ni mimi. Hakunigombeza, aliandika tu. Mkataba wangu wa majaribio hautaongezwa.

Jora jipya limefika, limefunikwa, na kesho linalazwa. Nimeomba nibaki mpaka tabaka hilo lifukiwe, wamekubali.

Nisalimieni shangazi aliyenilea, kaka yangu anayechunga, na dada yangu mwalimu. Huyu asome sehemu ya mashine polepole, mama aelewe kwamba sikufukuzwa kwa wizi. Na kile kipande changu cha shamba la mihogo, kaka asikilime chote. Nakuja kulima.

Mwanao akuheshimuye,
Masanja