Niliwajibu Huna Mtoto

Mdogo wangu Mwanaisha,

Leo tumekusomea arobaini hapa Maramba. Wageni wameondoka, nimebaki chumbani kwako na aibu yangu.

Siku ya kukuosha, mwosha alichungulia mlangoni akauliza, "Marehemu kaacha mwana? Aje ammiminie mamake maji ya mwisho." Nikajibu upesi, "Hana." Zuhura alikuwa ubavuni pangu, kashika chetezo cha ubani, analia. Ana miaka kumi na mitano sasa, amekupita kimo. Alitaka kuingia. Nikamwambia waliomo ndani wanatosha, nikaingia mimi.

Unakumbuka tulivyorudi kutoka Mombasa? Nyumbani tuliaga kwamba twenda harusini. Kumbe daktari alitoa mayai kwako, akayarutubisha kwa mbegu za mume wangu, akanipandikizia mimi. Pale Horohoro, tukingoja kugongewa pasi, umejishika tumbo kwa maumivu, bado ukanichekesha: "Dada, mie nimetaga, wewe atamia."

Uliomba jambo moja tu. Mtoto akivunja ungo, aambiwe. "Sitaki kumchukua, dada. Nataka ajue." Nikaapa. Akavunja ungo, nikasema bado mdogo. Watu wakasema kafanana nawe, hata anavyokuna nazi kwa mkono wa kushoto, nikapunguza kumleta huku. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndivyo nilivyojitetea. Shekhe tuliyemuuliza kwa siri alituonya mapema kuwa nasaba ya mtoto itavurugika. Sikumsikiliza nilipotaka mtoto, ila nilimkumbuka vizuri nilipotaka kunyamaza.

Hukuzaa mwingine. Mtu akifa hubakiwa na dua ya mwanawe, nami nimekunyima hata hiyo. Mwanaisha, nilimwonea wivu maiti. Nasikia haya hata kuliandika.

Jana Zuhura kaniuliza, "Mama, mama mdogo hakuwa na mtoto. Nani atamwombea?" Nikaenda jikoni, nikajifanya natazama wali.

Kesho Ijumaa, kabla hatujarudi Tanga, nitamleta kaburini kwako. Nitamwambia hapo hapo mbele yako, nisipate pa kukimbilia. Akinichukia, ana haki. Ndoo ya maji ataibeba yeye, akumwagie kaburini kwa mkono wake wa kushoto, nami nitasimama nyuma. Akiomba, nitaitikia amina.

Nisamehe ukiweza. Buriani kwako wewe, Mama Zuhura.

Dada yako