Majani ya Stade na Shamba ya Kalunguta

Mama yangu mupenzi,

Nakusalimia wewe kwanza, mbele ya bote. Mugongo inaendelea namna gani? Na ile kikohozi ya wakati wa mvua, imekuacha? Mimi niko muzima, baridi tu njo inanifinya masikio.

Kambale atakusomea hii barua polepole. Kambale, ndugu yangu, ninakujua: hapana ruka hata neno moya! Nimeandika juu kwa simu mimi na mama tunaanza kugombana mbele ya kumaliza salamu, kisha réseau inakatika, kila mutu anabakia na kasirani yake.

Mama, uliuliza kazi yangu mupya ni ya nini. Iniversite ya huku ngambo imejenga stade mupya ya mupira ya banafunzi bake, kubwa kabisa, na mimi niko kati ya batu benye kuchunga majani yake. Ee, majani! Mupira yabo iko na umbo ya yai, banaikamata na mikono, mais banaiita vilevile football. Majani yenyewe ilikuja na lori, imekunjwa sawa mikeka, tukaitandika. Tunainywesha maji, tunaikata, hata kuifunika wakati wa baridi. Mutu wa Kalunguta mwenye alikomaa aking'oa majani kwenye maharagi, leo analipwa kuilea. Cheka tu, hata mimi nilicheka.

Sasa sikia haya yangu. Mbele ya kufungua stade, shefu wangu, muzee mumoya wa ndevu nyeupe, aliniambia: "Paluku, safisha pale kwa mulango wa bachezaji, bageni banakuja." Mama, kwetu kusafisha kiwanja ni nini? Si kuparua majani yote mpaka udongo inaonekana, nyoka ikose pa kujificha, kisha kufagia? Donc nilikamata beleshi, nikaparua, nikafagia mpaka mistari ya ufagio ikaonekana vizuri. Nikasimama pembeni, kifua mbele, nikingojea aksanti.

Shefu akafika, akakamata kichwa na mikono mbili.

"Majani yangu iko wapi?"

"Nimesafisha, shefu."

"Umesafisha? Umeichuna!"

Nikajua kazi imekwisha. Lakini hakunifukuza. Tulileta kipande ingine ya majani, tukapiga magoti sisi wawili, tukaipachika pale. Tukiwa tunakandamiza, akaniuliza nani alinifundisha kuparua vile. Nikasema ni mama yangu, mulimaji, mwenye hakuna jani lilisimamaka kwa kiwanja yake. Alicheka mpaka machozi. Kisha akauliza: "Na sasa anafanya nini?"

Mama, nikasema: "Anaikala."

"Anaikala namna gani?"

"Anaikala kwenye kiti, mbele ya nyumba ya kupanga, kule Butembo."

Wewe! Wewe mwenye ulikuwa unatoka shambani na mutoto mugongoni na kuni kichwani, na ukifika nyumbani unatafuta tena kitu ya kufanya. Nilisikia haya, nikasikia na huzuni mingi. Shefu aliona uso yangu, akainamia tena majani, tukaendelea na kazi.

Mimi njo nilikukataza kurudia shamba yetu ya Kalunguta. Tangu mulikimbia vita unaniomba, na mimi mutoto wa kwanza ninasema hapana, Kambale naye anafuata neno yangu. Siku moya ulilia kwa simu: "Paluku, niko nanunua hata sombe, majani ya muhogo tu, mimi!" Nikakujibu kwamba kununua sombe haiue mutu, vita njo inaua. Bado ninaogopa, sitakudanganya. Habari za ile barabara ya Kalunguta ninazifuata kila asubui. Lakini Kambale ananiambia majirani banaenda kulima kwa kundi asubui, banarudia Butembo mbele ya jua kushuka.

Basi, ile "hapana" yangu ninaiondosha. Enda, mama. Enda na majirani, Kambale akiwa pamoja nawe, na siku habari iko mbaya, ubakie nyumbani. Hapana lala kule, nakuomba sana. Nimeelewa sasa: nilikukalisha kwenye kiti ili mimi nipate usingizi huku. Ile woga ni yangu, acha niibebe mwenyewe.

Unisalimie Kavira, muke wa Kambale, mwenye anakutunza, na batoto babo. Salamu kwa baba mudogo, mwalimu wa Mulekera, na kwa mukatekista wetu mwenye anaombea batu ba mbali; aombee sasa na benye kwenda shambani.

Ile siku mutafika kule, ninajua Kambale atatosha simu mufukoni mara moya anipigie. Umukataze. Lima kwanza, mama, lima mpaka uchoke. Mimi nitangojea.

Mutoto wako wa kwanza,
Paluku