Marita wa Njiru na Marita wa Njeru

Makutano, Meru
Baada ya mavuno ya njahi

Dada yangu Ruguru,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na mama, na huyo binti yangu Wanja anayelala kati yenu. Kifua cha mama kimepoa? Na hizo nyumba za kijiji mlichohamishiwa, bado zinavuja? Naambiwa zimebanana hata mtu akikohoa nyumba ya kwanza, watu wa nyumba ya tatu wanamwambia pole. Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, nashona.

Usishangae kwamba naandika Kiswahili. Tangu Hali ya Hatari ianze, barua ya lugha yetu inakaa ofisini mpaka apatikane mtu wa kuisoma, na karani anayefungua barua hapa si wa upande wetu. Heri aisome upesi, aipitishe. Naye namsalimu.

Dada, najua una uchungu na mimi. Habari zimenifikia kwamba nilionekana Embu mjini nikiwa juu ya lori, na kwamba mama aliposikia alikaa mlangoni siku nzima akiangalia barabara, sikuja. Ni kweli, nilikuwa Embu. Nisikilize kwanza, halafu unikasirikie.

Wajua kwa nini nilibaki huku baada ya mti kumwangukia mume wangu Njiru kule kwenye mashine ya mbao. Nikihama Meru sitapewa pasi ya kurudi, na shamba letu huko limeangukia upande wa msitu ambao mtu haruhusiwi kukanyaga. Mzee Yusufu, yule Mwislamu mwenye duka la nguo, alinipa nafasi ya kushona barazani kwake. Yeye ndiye aliyenidhamini kwa kampuni ya cherehani, nikapewa moja ya kulipia kila mwezi. Na nililipa, dada. Hata mwezi ule wa homa nilijikokota mpaka dukani kwao, nikalipa, nikarudi kulala.

Basi asubuhi moja nashona kanzu ya mtoto wa jirani, wakaja wanaume watatu na mkokoteni. Mmoja alikuwa karani, ameshika karatasi.

"Wewe ni Marita Njeru?"

"Mimi ni Marita wa Njiru."

"Ni hivyo hivyo. Mama, wewe hulipi."

Nilidhani anacheka na mimi. Kabla sijasimama wameinua cherehani, kanzu bado iko chini ya sindano, na uzi ukafunguka kutoka barazani mpaka barabarani, watu wakiuruka. Mzee Yusufu akatoka mbio, kofia mkononi.

"Huyu analipa! Mimi mwenyewe namwona akienda kulipa!"

"Mzee, mimi nafuata faili," karani akasema.

Dada, aibu ya siku ile sitakuandikia. Wenye maduka huulizana. Kabla ya jua kutua, Mhindi anayeniuzia vitambaa akaniambia kwa upole kwamba kuanzia sasa nilipe kwanza, ndipo nikate. Wenye nguo zao kwangu wakaja kuzichukua zikiwa nusu.

Kesho yake nilikwenda kwenye duka la kampuni na risiti zangu zote kwenye kikapu. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alizitandaza mezani, akakuna kichwa. Mkataba wangu unasema Marita Njiru. Risiti zimeandikwa na makarani tofauti, na kila mmoja aliandika alivyosikia: huyu Martha Njeru, yule Marita Njeru. Pasi yangu nayo inasema Maritha Nyiro, kwa sababu askari aliyeiandika ametoka Ziwani na masikio yake ni ya huko. Kwetu majina ya Njeru na Njiru yanafanana kama ndugu, lakini kule Nairobi wanakoweka mafaili hawajui undugu huo. Kumbe wana faili ya Marita Njeru, wa Gachoka, huko Mbeere, naye ana cherehani kama yangu. Pesa zangu zote zimekwenda kwake. Yeye ni mlipaji mzuri. Mimi faili yangu ni tupu.

"Rekebisha basi," nikamwambia.

"Lete pasi yenye jina la mkataba."

Nikaenda ofisi ya DC. Wakasema pasi haibadilishwi mpaka nilete cheti cha ubatizo. Nikaenda misheni. Cheti changu kina jina la baba, maana nilibatizwa kabla ya kuolewa, na padre akasema hawezi kuongeza jina la mume mpaka aone cheti cha ndoa. Cheti gani? Ndoa yetu ilikuwa ya mbuzi na pombe ya asali, na cheti chake ni nyinyi mliokuwepo. Sasa nitawaleta nyote Meru, mpange foleni mbele ya padre?

Nilipomrudia meneja, aliniangalia kama mtu anayeangalia mgonjwa. Akasema imebaki njia moja tu. Huyo mwanamke wa Gachoka aende kwa chifu wake, aseme kwamba pesa zile si zake, aweke kidole gumba. Na kampuni haitamtafuta. Nimtafute mimi.

Kupata pasi ya safari kulinichukua muda mrefu wa kusimama juani. Mwishowe nikaandikiwa: Gachoka, kwenda na kurudi, na Embu kupita tu. Dereva wa Mzee Yusufu anaitwa Musa, na lori lake huteremsha bidhaa mpaka huko. Tulipofika Embu wakatusimamisha kukaguliwa. Nilisimama juu ya magunia, na mbele yangu, juu kule, nikaiona Kibugu. Moshi wenu niliuona, dada. Nikamwomba askari, nikamwambia mama yangu yuko pale, mtoto wangu yuko pale, niache nikimbie niwaone na nirudi. Akasoma pasi. "Hapa imeandikwa kupita," akasema. "Ukishuka nakufunga. Na wa Kibugu hasa, nyinyi wa karibu na msitu." Nikashika ubao wa lori mpaka likaondoka. Hapo ndipo huyo aliyeniona aliniona.

Gachoka ni joto na vumbi, mbuzi wanalala mlangoni mwa maduka. Sikumtafuta sana. Niliuliza mwanamke anayeshona, nikaonyeshwa chumba cha mabati. Nilimkuta mama mmoja mwembamba, wa umri wangu, watoto wawili wanacheza na vipande vya nguo miguuni pake. Nilipomwambia naitwa Marita, akapiga makofi.

"Wajina! Karibu, karibu. Keti. Mnipishe, nyinyi watoto."

Akanipa uji wa mawele kwenye kibuyu. Tukazungumza habari za mvua, habari za nguo. Nilikuwa nimejipanga, dada. Tangu Meru nilikuwa na maneno makali tayari. Nikamuuliza, kama mtu anayepitisha muda, cherehani hii analipia vipi na kazi ilivyo chache.

Akainama karibu yangu, akashusha sauti.

"Bwana wangu ndiye anayelipa."

"Yuko wapi?"

"Sijui. Askari walimchukua Nairobi, siku ile walipouzingira mtaa wote. Nimeuliza kila ofisi, hakuna anayejua jina lake. Huyu anasema amepelekwa pwani, huyu anasema usimtafute. Mimi nilishindwa kulipa, wakaja kuichukua hii. Baadaye wakairudisha, wakaniambia, mama, tusamehe, imelipwa. Tangu siku hiyo kila mwezi naenda kuuliza kwa wakala, naambiwa imelipwa." Akacheka kidogo, mkono mdomoni. "Nani mwingine angelipa? Ndipo nikajua yuko hai. Barua hawezi kuandika, lakini hii ndiyo barua yake."

Kikapu changu kilikuwa magotini, risiti ziko ndani. Nilikunywa uji wote, nikaomba mwingine ili nisiseme. Nilifikiri nirudi Meru, niseme sikumpata. Mimi kaburi la mume wangu nalijua, hata majani yake nimeyang'oa mara nyingi. Yeye ana nini? Lakini nikamfikiria Wanja, nikakumbuka nilivyomwahidi mama kwamba nitamchukua nikiwa na kazi ya kutulia. Nikatoa risiti, nikaziweka juu ya cherehani yake.

Hakuelewa upesi. Nilimweleza kama nilivyokueleza wewe: Njeru, Njiru, makarani, Nairobi. Akawa anatazama mdomo wangu. Nilipomaliza akauliza, "Hata mwezi ule wa Krismasi?"

"Hata huo."

"Na ule wa baada ya Pasaka? Maana nilimwombea sana mwezi ule."

"Huo pia, wajina. Pole."

Akawaambia watoto waende nje. Akageukia gauni lililokuwa kwenye mashine, akalimalizia upindo, mguu unakanyaga polepole, na mimi nimekaa pale kama mwizi aliyekamatwa. Alipokata uzi akasema, "Basi nimelala usingizi mzuri kwa jasho lako."

"Hukujua."

"Sikujua. Lakini nililala."

Alinipa mahali pa kulala, akanipa na shuka lake. Asubuhi alijifunga kitambaa, akasema twende kwa chifu. Sikuwa nimemwomba tena. Njiani nilimwambia kwamba akisema ukweli watairudia cherehani yake, afikiri kwanza.

"Mpaka jana nilikuwa nimedanganywa," akajibu. "Nikinyamaza leo, nitakuwa najidanganya mwenyewe."

Akaweka kidole. Karani wa chifu akataka kuandika Njiru mahali pa Njeru, tukapiga kelele sote wawili kwa pamoja, hata chifu akacheka. Ndicho kicheko pekee cha safari ile.

Cherehani yangu imerudi, dada. Mzee Yusufu aliisukuma mwenyewe kwa mkokoteni, akapitia mbele ya maduka yote ili waone. Mhindi wa vitambaa ameniita dada tena. Mkataba umeandikwa upya, na meneja amenitamkia jina langu herufi moja moja kama mwalimu.

Lakini sikiliza jambo ambalo limeninyima usingizi. Siku ya kutenganisha mafaili, meneja alisoma malipo yote yaliyoingia kwa yule Marita tangu aliposhindwa kulipa, na mimi nikawa natoa risiti ya kila moja. Zikaenda sawa, sawa, sawa. Mwisho risiti zangu zikaisha, na malipo ya mwezi mmoja yakabaki.

"Hii nayo?" akauliza.

"Imelipwa wapi?"

"Mombasa."

"Mimi sijafika Mombasa maishani mwangu."

Akageuza karatasi juu na chini. Imeandikwa Njeru tu. Nani alileta pesa, haikuandikwa. Akasema akina Njeru ni wengi kama mahindi, na huenda huko pwani kuna mteja mwingine ambaye pesa yake imepotea njia kama zangu. "Ikiwa hivyo atakuja kulalamika," akasema. "Mpaka aje, itabaki kwa huyu wa Gachoka." Kwa malipo hayo ya mwezi mmoja wamempa muda, na mwalimu mmoja wa huko amekubali kumdhamini. Bado anashona.

Dada, nilikaa na jambo hilo nikiligeuza. Nikimwambia, namrudishia ugonjwa niliokuwa nimemtibu kwa uchungu mkubwa. Na je, kama ni Marita mwingine, mwanamke wa pwani anayeshona barazani, na siku moja watamnyang'anya cherehani mbele ya watu? Tena nikafikiri, na kama ni huyo bwana wake? Kama mtu aliye mahali pabaya alipata shilingi zake mara moja tu, akampa mtu mwenye huruma azipeleke, mimi ni nani nizifiche? Sikuwa na wa kumuuliza. Mzee Yusufu ni mwema, lakini mambo kama haya mtu huuliza nyumbani, jioni, wakati wa kuchagua maharagwe, na hapa mimi huchagua maharagwe peke yangu.

Mwishowe nilimtuma Musa. Nilimfundisha maneno, nikamwambia ayarudie mpaka akayashika: kuna malipo ya mwezi mmoja si yangu, yalilipwa Mombasa, jina ni Njeru, na aliyelipa hajulikani. Usiongeze, usipunguze.

Musa amerudi jana. Anasema alimkuta anapima mtoto nguo ya shule. Alipomwambia, yule mama aliketi chini pale pale kwenye vumbi. Hakulia. Akamwomba Musa arudie. Musa akarudia. Akamwambia, "Tena." Musa akarudia mara nyingine, na lori linamngoja, na watoto wote wawili wamesimama kumsikiliza.

Basi, dada, sasa unajua kwa nini nilipita. Mwambie mama nilimwona, hata kama yeye hakuniona. Mwambie Wanja namshonea gauni lenye mifuko miwili kama alivyotaka. Nisalimie mjomba wetu, fundi wa mizinga ya nyuki, kama amerudishiwa mizinga yake. Nisalimie mama mkunga aliyenishika nilipomzaa Wanja, na mwalimu wa kanisa, na huyo jirani yenu anayekohoa, ingawa simjui.

Unijibu, hata kama ni kwa hasira. Juu ya bahasha andika Marita Njiru, kwa i, kwa Mzee Yusufu, Makutano, na uandike kwa herufi kubwa. Lakini ndani uniite Ciarunji. Tangu Njiru afe, huku hakuna mtu ameliita jina hilo.

Mdogo wako anayekukumbuka,
Ciarunji