Alama Niliyotia Kwenye Mstari wa Wajane

Jumapili, mwezi wa pili. Mvua haijakatika tangu misa ya kwanza, na mtaa wetu wote ni tope jekundu.

Leo sina utani, ninyi mnaonisoma humu mtandaoni. Ninaogopa.

Mnajua kazi yangu: ni karani wa mishahara katika kampuni moja ya shaba hapa Kolwezi. Mwaka huu fomu ya kodi ya mfanyakazi imekuja na mstari mpya chini kabisa. Ukitaka, unatia alama, na sehemu ndogo ya kodi yako inakwenda kusaidia watu: kituo cha yatima, zahanati, au mfuko wa wajane wa wale wanaofia machimboni. Niliona ni jambo jema. Bado naliona hivyo, na ndiyo maana najichukia.

Mume wangu, Tata Plamedi, anaendesha mashine ya kuchimba kule shimoni. Hapendi karatasi. Kila mwaka fomu yake naijaza mimi, yeye anaweka sahihi huku anakula, bila kusoma. Safari hii nilimtilia alama kwenye mfuko wa wajane. Nilikuwa nimetoka kumsalimia jirani aliyefiwa, ana watoto wanne na nyumba haina mlango. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Nami nimezaliwa hapa! Najua mchango wa kilio unatolewa mtu akiwa ameshakufa, watu wameketi kwenye mikeka na mmoja ameshika daftari la majina. Kabla ya hapo hakuna anayethubutu kutoa hata kuni. Anayechanga mapema anakiita kifo nyumbani kwake. Nayajua hayo yote, lakini karatasi ya serikali ilinisahaulisha.

Alhamisi ofisi ilibandika getini majina ya waliotoa, kwa kuwashukuru. Kwa yatima, majina tele. Kwa zahanati, majina tele. Kwa wajane, jina moja tu.

La mume wangu.

Watu wa kikosi chake walisoma, wakaondoka mmoja mmoja. Ijumaa Kazadi aliomba ahamishwe. Kwa miaka sita Kazadi ndiye anayesimama na filimbi, akiuangalia ukuta wa shimo wakati mume wangu anachimba chini yake. Ukuta ukianza kumwaga mawe, anapuliza, mume wangu anakimbia. Imeshatokea mara mbili. Nilimfuata Kazadi hadi getini, naye hakunitazama usoni.

"Mi siko na bubaya na yeye, mama," alisema. "Lakini mutu mwenye kuchanga mbele ya kilio, anaita kilio. Na miye niko na batoto."

Hakuna mwingine aliyekubali kuishika filimbi hiyo. Na ukuta, kwa mvua hizi, umepasuka ufa ambao mume wangu anasema unaingia mkono mzima.

Jana alirudi, akavua buti, akauliza tu: "Ni nani alitiaka jina yangu pale?"

Nikamjibu, "Ni mashini ya ofisi."

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na uongo ulinitoka kama salamu.

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu mke ametia alama kwenye mfuko wa wajane, kwa jina la mumewe. Hapa kwetu, mtu akisikia hivyo hahitaji kuelezwa zaidi. Mama mkwe atakuwa ameshajua kabla jua halijasimama. Watasema nimeshachagua kitambaa cheusi. Watasema mlozi. Kuna wanawake waliofukuzwa na watoto wao wenyewe kwa madogo kuliko haya.

Nilitaka kukaa kimya mpaka orodha isahaulike. Lakini zamu yake ni kesho asubuhi, chini ya ukuta ule ule, bila mtu wa kumwangalizia. Sijui kama mchango unaita kifo. Ninachojua ni kwamba filimbi ilikuwa inakizuia, na mimi ndiye niliyeinyamazisha.

Yuko mlangoni sasa, anatia kamba mpya kwenye buti zake, anaitazama mvua.

Njia ya mwongo ni fupi. Nikimaliza kuandika haya nakwenda kuketi karibu naye nimwambie. Na kesho nitatangulia getini, kabla kikosi hakijapanda gari, niseme mbele ya wote kwamba kalamu ilikuwa yangu, yeye hakusoma. Kama kifo kimeitwa, nimekiita mimi, na kije kwangu.

Waniite mlozi. Mradi Kazadi ashike filimbi yake.