Cheni ya Gari la Kitinda

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha mbele,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko, na mwili una nguvu? Kile kikohozi ulichokitaja mara ya mwisho kimekuachia, au bado mnagombania mto? Nakujua, utasema umepona ili tusihangaike, kwa hiyo sitakuamini mpaka nione picha yako umevaa sweta. Sisi huku wazima. Goti la Mama limetulia tangu aanze mazoezi ya kupanda ngazi mbili na kushuka mbili, ingawa analalamika kwamba daktari alimpa adhabu, si dawa. Wifi yako anakusalimu hata kabla sijaziandika salamu zake. Amesimama nyuma yangu na ufagio, anasoma.

Najua umezoea kunisikia kwenye simu, na barua kutoka kwa mtu uliyembandika jina la Redio lazima ikushtue. Usishtuke, hakuna msiba. Ni habari njema, ila ndani yake kuna kipande ambacho kwa simu ningekiruka.

Wanangu wako salama. Mkubwa ameng'oka jino la mbele na anataka shangazi yake ajue kwamba hakulia. Alilia.

Sasa habari yenyewe, ya mdogo wetu Kitinda. Mimi na wewe tumezoea kumwona kama yule mtoto wa mwisho aliyejificha nyuma ya gauni la Mama kila wageni walipobisha hodi. Hata leo sauti yake ni ndogo, mtu wa meza ya pili hamsikii. Kaa vizuri nikusimulie.

Lile gari lake la viti saba, alilonunua kwenye kampuni ya kuuza magari likiwa limeshatumika lakini na waranti ya miaka miwili, ndilo analobebea watoto sita wa shule ya viziwi. Anawachukua milangoni mwao asubuhi, anawarudisha alasiri. Lugha yao ya mikono ameijua mpaka anatania nayo. Siku moja niliwakuta wamesimama kwenye taa za barabarani, gari zima linacheka na hakuna sauti hata moja.

Aliyegundua ubovu ni mmoja wa hao watoto, binti wa miaka kumi na miwili anayekaa kiti cha mbele. Aliweka kiganja juu ya dashibodi, akakunja uso, akamwambia Kitinda kwa mikono kwamba gari linatetemeka vibaya, si kama jana. Kitinda mwenye masikio yake mawili hakuwa amesikia kitu kwa sababu ya honi na foleni. Lakini hakumpuuza mtoto. Kesho yake, injini ikiwa baridi, alifungua boneti uani, akawasha, akasikiliza. Ikalia kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo, sekunde tatu nne, kisha ikatulia kama si yenyewe.

Dada, mimi ningesema bado linatembea, twende kazi. Yeye alizima, akachomoa ufunguo, akawapigia wazazi wa watoto wote mmoja mmoja kuwaambia hatawabeba mpaka ajue tatizo. Huenda ni cheni ya taiming, ile iliyo ndani ya injini inayofanya sehemu ya juu na ya chini zizunguke kwa pamoja. Ikilegea huanza kwa kelele hizo, na ikiruka meno injini hufa hapo hapo, hata kama uko katikati ya barabara kuu.

Mkuu wa shule alimwelewa, lakini alimpa wiki mbili. Zikipita, kazi inakwenda kwa dereva mwingine. Wakati huo gari jingine liliwabeba watoto kwa awamu mbili, na wa awamu ya pili walikuwa wakifika somo la kwanza limekwisha. Hilo ndilo lililomnyima Kitinda hamu ya kula, kuliko hata hofu ya kupoteza kazi.

Nilimsindikiza kwenye kampuni, maana nilijiona mimi ndiye mwenye mdomo wa familia. Tulipokelewa na meneja wa huduma, mtu nadhifu, kalamu tatu mfukoni. Alisikiliza nusu, akasema, "Cheni ni kitu cha kuchakaa, dada. Waranti haigusi vitu vya kuchakaa."

Nikaanza kupaza sauti. Niliongea kuhusu haki, kuhusu watoto, kuhusu jinsi ambavyo ningewatangaza mji mzima. Meneja akaniangalia kama anavyoangalia mvua nje ya dirisha. Kitinda akanigusa mkono, akatoa kile kitabu cha waranti. Alikuwa amekisoma chote, Dada, mpaka yale maandishi madogo ambayo nadhani hata aliyeyaandika hajawahi kuyarudia.

"Hapa mmevitaja vitu vya kuchakaa," alisema kwa sauti yake ile ile, hata meneja ikabidi ainame. "Pedi za breki, klachi, wipa, matairi, balbu. Cheni haimo."

"Hiyo ni mifano tu."

"Ni wapi pameandikwa kwamba ni mifano?"

Meneja alipekua. Akarudi nyuma kurasa mbili, akapekua tena. Moyoni nilishangilia kama mtu ambaye timu yake imefunga bao la ushindi. Halafu kalamu yake ikatua kwenye ukurasa wa sevisi. "Na hapa je? Sevisi ya tatu haina muhuri. Bila muhuri, injini nzima haina waranti. Leteni ushahidi kwamba oili ilibadilishwa kwa wakati."

Oili ilibadilishwa, kwenye gereji moja waliyoiidhinisha wao wenyewe, lakini fundi wa pale alisahau kugonga muhuri. Na haikubadilishwa kwa wakati. Kitinda alichelewa wiki tano.

Hapa ndipo kilipo kile kipande. Fundi wa ile gereji ni rafiki yangu. Nilimwambia Kitinda anipe kitabu nikamalizie jambo dogo, nikaenda, na rafiki yangu akagonga muhuri. Tarehe nikaijaza mimi mwenyewe, ya wiki tano kabla ya siku oili ilipobadilishwa kweli, pale inapotakiwa. Nilirudi nyumbani natembea kama bwana harusi.

Kitinda alikuwa anaanika nguo. Akafuta mikono, akafungua kitabu, akaiwekea kidole ile tarehe.

"Tarehe hii umeitoa wapi, kaka?"

"Nimeitoa wanapoitaka wao."

"Siku hii nilikuwa nimekaa kwenye benchi la hospitali, Mama yuko ndani anafanyiwa upasuaji. Na wewe ulikuwa umekaa pembeni yangu."

Nilimwambia asiwe mtoto. Nikamwambia wale watu wana mawakili na yeye ana kalamu moja, na kwamba oili ni oili, wiki tano haziui injini. Hakuna nililoacha kusema. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akaniuliza kama nimekula, akaenda kuanua taulo lililokuwa limepeperuka.

Kesho yake tulirudi kwa meneja. Niliketi nikijipa moyo kwamba usiku umemfundisha. Alifungua kitabu mezani, akakigeuza kielekee kwa meneja, akasema, "Muhuri ni wa gereji, na oili walibadilisha wao. Lakini tarehe hii imekosewa." Akaikata kwa mstari mmoja, akaandika juu yake tarehe ya kweli, akatia saini. "Nilichelewa wiki tano. Mama alikuwa mgonjwa."

Imekosewa. Hakusema nani aliyeikosea. Dada, nilitazama viatu vyangu kama ndiyo kwanza nimevinunua.

Meneja alifunga kitabu taratibu. Akasema anasikitika, lakini kwa maneno yake mwenyewe mteja ameshamaliza kesi. Na ingeishia hapo, ila mlangoni alikuwa amesimama fundi mkuu wa karakana yao, amekuja kuchukua karatasi. Mtu wa makamo, ovaroli limepauka, miwani ameifunga kwa uzi. Akauliza, "Wiki tano tu?"

"Wiki tano," Kitinda akajibu, "na kilomita elfu moja na mia nane juu ya kiwango. Nilipiga hesabu jana."

Fundi alicheka kidogo, si kwa dharau. Akamwambia meneja kwamba kuchelewa kiasi hicho hakuli cheni peke yake, na kama imeliwa na oili mbaya, injini itajisema yenyewe. Afungue aangalie. Meneja akasema sawa, ila ikionekana kosa ni la mteja, kazi ya kufungua na kufunga atailipia mteja. Nilimvuta Kitinda mkono chini ya meza, maana ulikuwa mtego wa wazi na hana akiba ya kuchezea. Akautoa mkono wangu, akatia saini.

Fundi alituruhusu tusimame karibu. Nimeona watu wengi wakifungua injini, lakini sijaona mtu akifanya kazi ile kwa adabu kama yule. Kila bolti aliipanga kwenye trei kwa mpangilio ilivyotoka. Alipoinua kifuniko cha juu alimulika tochi, akapitisha kidole kwenye chuma cha ndani, akamwonyesha Kitinda: oili safi, rangi ya chai ya rangi, hakuna tope hata chembe. Akapasua filta ya oili, akaitandaza kama gazeti, tukatazama kama ina vumbi la chuma. Haikuwa nayo.

Kisha akafika kwenye cheni. Ilikuwa imelegea inaning'inia kama mkufu. Kando yake kuna kifaa kidogo kama kidole gumba, ambacho kazi yake ni kuisukuma cheni isilegee. Fundi akakitoa, akakibonyeza. Kikaingia, kisirudi. Akabonyeza tena. Akampa Kitinda abonyeze. "Hiki kilitoka kiwandani na kasoro," alisema. "Oili ungeibadilisha kila wiki, cheni ingelegea tu. Hiki ni cha tatu naona mwaka huu."

Fikiria, Dada. Mwajiri wake yuko hatua kumi kutoka hapo. Angeweza kusema hajui, akafunga, akaenda kunywa chai, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa, akaandika ripoti kwa mkono wake, kurasa mbili, akapiga picha, akaandika jina lake lote na cheo chake chini. Aliandika pia kwamba sevisi ilichelewa wiki tano. Hakuificha. Aliandika tu kwamba haihusiki, na kwa nini.

Ripoti ikaenda makao makuu ya kampuni. Tulisubiri siku nane. Kitinda alikuwa akienda kila asubuhi kwenye lile gari jingine, bila malipo, kuwasaidia watoto wa awamu ya pili kupanda na kuwaeleza kwa mikono walichokosa darasani, alichokuwa akikiulizia kwa mwalimu. Siku ya tisa simu ikaita. Cheni mpya, kifaa kipya, na kazi yote, juu ya kampuni.

Siku ya kuchukua gari, Kitinda aliomba apewe vile vilivyochakaa. Akavipeleka shuleni kwenye mfuko, akamweleza yule binti kilichokuwa kinatetemeka. Mwalimu anasema somo lile lilikula kipindi kizima cha hesabu, na hakuna aliyelalamika. Fundi naye amepelekewa barua ya shukrani yenye saini sita za watoto, na ameibandika ukutani juu ya trei zake. Nimeiona kwa macho yangu.

Siku hiyo hiyo nilimvuta fundi pembeni, nikamuuliza kama kitabu cha sevisi kilikaguliwa makao makuu. Akasema hapana, kilibaki kwenye droo ya meneja, walitaka ripoti na picha basi. Kwa hiyo ile tarehe yangu ingepita, Dada. Hakuna ambaye angejua. Njiani kurudi nilimwambia Kitinda, nusu kwa utani, kwamba alijitesa bure.

Hakukasirika. Alisubiri taa ziwe kijani, akasema, "Kitabu kinakaa hapo, kwenye hilo sanduku mbele ya magoti yako. Ningekuwa nakiona kila siku." Kisha akaniomba nifungue dirisha.

Sasa sikiliza. Mama hajui lolote kuhusu ile tarehe. Anachojua ni kwamba nilikwenda na mdogo wangu kwenye kampuni na kampuni ikasalimu amri. Tangu wiki iliyopita kila mgeni anayeingia anasimuliwa jinsi nilivyompigania mdogo wangu, na chumvi inaongezeka kila siku. Katika simulizi ya jana nilikuwa tayari nimegonga meza ya meneja mpaka kalamu zikaruka. Kitinda huwa yupo, anamimina chai, hanitazami. Angeweza kuniumbua kwa neno moja. Hata jicho hajanikonyeza.

Wewe ndiye wa kwanza kuambiwa, baada ya wifi yako, ambaye sasa ameweka ufagio chini na ameketi. Mama yuko jikoni, nasikia anamhadithia jirani, amefika kwenye kugonga meza. Nikishalamba bahasha hii naingia humo kumwambia ni nani hasa aliyeongea siku ile, na mimi nilikuwa nimefanya nini.

Msalimie shemeji na umwambie ile kofia aliyonitumia inanibana lakini naivaa. Wabusu wapwa zangu wote wawili, na yule mdogo umwambie mjomba hajasahau ahadi ya baiskeli. Shangazi wa nyumba ya juu anakusalimu, anauliza utarudi lini. Mama anasema ule, ulale, na usivue soksi.

Mungu akutangulie katika zamu zako zote, akulinde na baridi, akurudishe kwetu ungali unacheka.

Mimi nduguyo, anayekupenda hata akinyamaza,

Redio