Mguu wa Kushoto wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Somo la asubuhi: kuvimba miguu. Mabenchi ya kliniki yamejaa mpaka mlangoni. Nimechukua mpira wa dripu, nikatia maji ya rangi, kisha donge la gundi. Nikaminya. Gundi ikasukumwa, ikaziba. Maji yakakwama.

Nikawaambia: ikivimba yote miwili, tutatazama moyo, figo, chumvi. Ukivimba mmoja tu, una joto, unauma nyuma chini ya goti — huenda damu imeganda kwenye mshipa. Hasa kama umepasuliwa, umejifungua, au umelala sana kitandani. Njoo siku hiyo hiyo.

Mzee mmoja kauliza, je, mkewe amkande? Akukande mgongo, nikamjibu. Wakacheka. Ukikanda mguu, donge linaweza kung'oka likapanda mapafuni, na huko hakuna wa kukanda. Wakaacha kucheka.

Nyumbani, mama mkwe bado yuko kitandani tangu apasuliwe nyonga. Kitanda changu — mimi na watoto tuko sebuleni. Kaonja chai, kairudisha. "Mwanangu alitaka mke, akaletewa muuza mayai."

Ndiyo, niliuza mayai. Nikajilipia chuo cha uuguzi, trei kwa trei. Hata bati lililo juu ya kichwa chake ni langu.

Jumatano, 5 Machi

Wakati wa kumnawisha mama mkwe nimeuona mguu wake wa kushoto. Umevimba, unang'aa. Nimetoa utepe, nimepima yote miwili: wa kushoto umezidi kwa sentimita nne. Tatu tu zinatosha kutisha.

Nikasema twende hospitali leo. Wifi, binti yake, anayemkanda kila jioni, kaangua kicheko. "Wifi, mama yangu si kitambaa, unampimia gauni?"

Mama mkwe naye: "Anataka nikakatwe mguu apate chumba chake. Hebu toa mkono huo, unanuka kuku."

Nikamwambia wifi asimkande, nikamweleza na sababu. Kamimina mafuta huku ananitazama usoni. Kasugua.

Basi. Nimesema mara moja. Kliniki huwa narudia mara tatu, lakini kule nalipwa.

Alhamisi, 6 Machi

Mume wangu kapiga simu toka safarini, yuko na lori mpakani. Mama anaendeleaje? Anakula vizuri, nikamjibu.

Si uongo. Kala na ya watoto.

Ijumaa, 7 Machi

Somo lile lile, wodi ya wazazi. Daktari kasimama nyuma akisikiliza, kisha kanisifu mbele ya watu: huyu sista akieleza, hata mimi naushika mguu wangu. Mama mmoja kabaki kwenye kiti, kavua soksi. Nimempima, nimempeleka mwenyewe chumba cha vipimo, nimemshika mkono njia nzima.

Nimerudi nyumbani. Mama mkwe anahema akigeuka. Nimebadilisha shuka. Sikuuliza kitu.

Jumamosi, 8 Machi

Sina zamu leo. Wifi kapasha mafuta, kayaweka kwenye stuli, kasema mikono imechoka, kaenda saluni.

Mama mkwe kaita. Sikutambua kwamba anayeitwa ni mimi. Mwanangu, kasema. Miaka yote ya ndoa hii, sijawahi kulisikia neno hilo kinywani mwake.

"Mwanangu, njoo unikande wewe. Mwenzio ananipapasa tu kama paka. Wewe una mikono ya kazi."

Nikauliza kifua. Kinabana kidogo, kasema, lakini ni vumbi lako, hufagii.

Namba ya gari la wagonjwa ninayo kwenye simu. Dereva ananijua, barabara ni nyeupe, robo saa tu angekuwa getini. Simu iko jikoni, kwenye chaji. Mimi nimekaa hapa kizingitini na daftari gotini, naona nyayo zake zimetoka nje ya shuka. Wa kushoto umeanza kuwa wa bluu.

"Mwanangu. Mafuta yanapoa."

Nakuja mama, nimemjibu. Nimekunja mikono ya gauni mpaka juu ya viwiko. Watoto nimewaambia wakacheze nje.